Namna ya Kusanifu Bawaba za Kiambaza cha Kioo Kinachokunjika Bafuni

Anayetaka kutengeneza kiambaza cha kioo cha kukunja juu ya hodhi la kuogea mara nyingi huanza kwa kuchagua bawaba dukani, akiangalia mng'ao wake na bei yake, kisha hulazimisha kioo kiifuate. Mpangilio huo umepinduka. Usanifu wa bawaba huanza na mhimili, yaani mstari wa wima ambao kioo huuzunguka, kwa sababu mahali mhimili ulipo ndipo panapoamua kama vipande vitakunjika bila kugongana, maji yatadondokea wapi, na kani ya kiasi gani itafika kwenye skrubu za ukutani. Chuma, rangi na umbo la nje huja baada ya hayo yote.

Ili maelezo yasielee hewani, tuchukue mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho. Hodhi lina urefu wa milimita 1700 na upana wa milimita 700, na bomba la mvua limefungwa kwenye ukuta wa upande wake mfupi. Kiambaza kimeshikwa na ukuta huohuo, kinasimama juu ya ukingo mrefu wa hodhi, na kina vipande viwili vya kioo chenye unene wa milimita 6. Kila kipande kina kimo cha milimita 1400 na upana wa milimita 400. Bawaba ya kwanza iko ukutani na ya pili iko kati ya vipande viwili. Kipande kilicho karibu na ukuta tutakiita cha kwanza, na kile cha nje cha pili.

Uzito na kani

Kioo cha unene wa milimita 1 kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo kioo cha milimita 6 kina kilo 15 kwa mita ya mraba. Kila kipande katika mfano wetu kina eneo la mita za mraba 0.56, sawa na kilo 8.4, na vyote viwili ni kilo 16.8. Kiambaza kikiwa kimenyooshwa, kitovu cha uzito kiko milimita 400 kutoka kwenye mhimili wa ukutani, na momenti (kani ikizidishwa kwa umbali wake kutoka kwenye mhimili) inayotaka kukiangusha ni takribani nyutoni-mita 66. Ikiwa sehemu za kushikia za juu na za chini ziko umbali wa mita 1 kutoka kwa nyingine, ya juu huvutwa kutoka ukutani kwa nyutoni 66 na ya chini husukumwa ukutani kwa kiasi hichohicho. Ukizisogeza zikabaki na umbali wa milimita 600, kani hiyo hupanda hadi nyutoni 110. Kwa hiyo ziweke mbali kadiri kioo kinavyoruhusu. Hakuna njia nyingine ya kupunguza kani iliyo rahisi kama hii.

Hata hivyo, uzito wa kioo si mzigo mkubwa zaidi utakaoikuta bawaba hii. Bafuni watu huteleza, na anayeteleza hushika chochote kilicho karibu. Mtu akining'iniza nyutoni 500 kwenye ukingo wa nje, yaani chini kidogo ya uzito wa mtu mzima, momenti ya ziada ni nyutoni-mita 400, na sehemu ya juu ya ukutani sasa inavutwa kwa nyutoni 466, mara 7 ya ile iliyotokana na kioo peke yake. Sanifu kwa mzigo huo. Kiambaza si mahali pa kujishikilia na mteja aelezwe hivyo, lakini mkono wa anayeanguka hauchagui.

Kuna mzigo mwingine ambao wasanifu wengi huusahau, nao ni wa kizuizi cha mwisho, yaani kile kinachokizuia kioo kisizunguke kupita kiasi. Inavutia kukificha kizuizi hicho ndani ya bawaba, kwa sababu hakionekani na hakigharimu chochote. Tazama hesabu yake: mtu akisukuma ukingo wa nje kwa nyutoni 200, mkono wa kani, yaani umbali hadi kwenye mhimili, ukiwa milimita 800, momenti ni nyutoni-mita 160. Kizuizi kilicho ndani ya bawaba, milimita 15 tu kutoka kwenye mhimili, kitapaswa kuhimili zaidi ya nyutoni 10,600, ambao ni uzito wa zaidi ya tani moja. Kani hiyo itang'oa skrubu, itapindisha profaili ya alumini (ule mwamba mrefu unaoshika ukingo wa kioo), au itavunja kioo kwenye tundu lake. Kwa hiyo bawaba ya ukutani isiwe na kizuizi cha ndani kabisa. Iache izunguke huru, na mahali kioo kinapotakiwa kusimama weka kigingi cha raba ukutani, mbali na mhimili kadiri inavyowezekana.

Mhimili wa katikati

Sasa tuje kwenye bawaba inayounganisha vipande viwili, ambayo ndiyo kiini cha kazi nzima. Kipande cha pili kinatakiwa kuzunguka nyuzi 180 hadi kilalie kipande cha kwanza, uso kwa uso, upande wa ndani ya hodhi. Mhimili ukiwekwa katikati ya unene wa kioo, jambo hilo haliwezekani, kwa kuwa vipande vitagongana mapema. Ni lazima mhimili utoke nje ya kioo kuelekea upande wa kukunjia. Kanuni yake ni nyepesi: umbali kutoka uso wa kioo hadi kwenye mhimili, ukizidishwa kwa mbili, ndio nafasi itakayobaki kati ya nyuso mbili baada ya kukunja.

Ndani ya nafasi hiyo lazima vienee vitu vyote vinavyochomoza kwenye uso wa ndani. Kama kipande cha pili kina kishikio kinachochomoza milimita 20, ongeza milimita 4 za usalama upate 24, na mhimili uwe milimita 12 kutoka kwenye uso wa kioo. Kama hakuna kishikio upande wa ndani, milimita 5 au 6 zinatosha, na kiambaza kilichokunjwa kitakuwa chembamba zaidi. Uamuzi kuhusu kishikio, ambao watu huuacha mpaka siku ya mwisho, kwa kweli ni uamuzi kuhusu bawaba, na unapaswa kufanywa siku ya kwanza.

Bawaba hii, tofauti na ile ya ukutani, inahitaji kizuizi, kwa sababu kipande cha pili kinatakiwa kisimame kikiwa kimenyooka na kisipinde kuelekea nje. Kizuizi hupatikana pale kingo za vipande viwili zinapokutana upande ulio mbali na mhimili. Hapa mhimili uliosogezwa nje unatusaidia: ukiwa milimita 12 kutoka kwenye uso wa kioo, mkono wa kani kufikia uso wa pili ni milimita 18. Msukumo wa nyutoni 100 kwenye ukingo wa nje huleta nyutoni-mita 40 kwenye bawaba hii, na kizuizi kitabeba takribani nyutoni 2,200. Ukitumia bawaba mbili ndogo za kubana, kila moja itabeba nyutoni 1,100 katika eneo dogo linalozunguka tundu la kioo. Ukitumia profaili ndefu ya alumini inayoshika kioo kwa kimo chake chote cha milimita 1400, kani hiyohiyo husambaa hadi nyutoni 1.6 tu kwa kila milimita. Kwa maoni yangu hesabu hii inamaliza ubishi: bawaba ya katikati iwe profaili ndefu isiyokatika, hata kama bawaba ndogo mbili zinapendeza zaidi machoni. Profaili hiyo pia huziba njia ya maji kati ya vipande, kazi ambayo bawaba ndogo huiachia ukanda wa raba peke yake.

Nyuso za profaili zinazogusana kwenye kizuizi zisiwe alumini kwa alumini. Weka ukanda wa plastiki ngumu au raba katika mojawapo, la sivyo utasikia mlio kila kiambaza kinaponyooshwa, na baada ya muda rangi itabanduka hapo hapo.

Mhimili wa ukutani na mahali maji yanapokwenda

Kipande cha pili kinapokunjwa kuelekea ndani, nyuso zote mbili zilizolowa hutazamana. Kisha furushi zima linaweza kuzungushwa nyuzi 90 kuelekea ndani ya hodhi au kuelekea nje. Likielekea nje, matone yote yatadondoka sakafuni. Likielekea ndani, matone hubaki juu ya hodhi, na hilo ndilo ninalolipendekeza pale nafasi inaporuhusu. Lakini lina gharama yake: kipande cha pili sasa kimekaa kati ya kipande cha kwanza na ukuta, kwa hiyo mhimili wa ukutani lazima usimame mbali na vigae.

Hesabu ya umbali huo ni hii. Kama mhimili wa ukutani uko katikati ya unene wa kioo, tuna milimita 3 za nusu ya kioo cha kwanza, 24 za nafasi ya kishikio, na 6 za kioo cha pili, jumla 33. Ongeza milimita 10 za usalama na mhimili uko milimita 43 kutoka ukutani. Kama kipande cha pili kina kishikio kwa nje pia, chenye milimita 20, basi kishikio hicho ndicho kitakachotangulia kugusa vigae, na umbali uwe angalau milimita 63. Profaili ya ukutani itengenezwe kwa upana huo. Kipande cha pili nacho kipunguzwe upana kwa milimita 15 hadi 20 kuliko cha kwanza, ili raba ya ukingo wake isigonge profaili ya ukutani kinapokunjwa.

Kabla ya kuukubali mpango wa kuzungusha kuelekea ndani, pima lilipo bomba. Hodhi la upana wa milimita 700 kwa kawaida huwa na koki katikati ya upana wake, yaani takribani milimita 350 kutoka kwenye ukingo, na furushi lenye upana wa milimita 400 litagonga koki hizo. Ama koki zihamishwe, ama vipande viwe vitatu vyembamba zaidi, ama kiambaza kifunguke kuelekea nje na mteja akubali kutandika zulia la bafuni. Kipimo hiki kimoja kinaweza kugeuza usanifu mzima, na huchukua dakika chache kukipata.

Chini ya kioo kuna raba yenye ulimi unaogusa ukingo wa hodhi. Ulimi huo ukibanwa wakati wote wa kuzunguka, utachakaa na kuvutika. Ukiachwa juu, maji yatapita. Ufumbuzi ni bawaba ya ukutani inayokiinua kioo kinapozunguka na kukishusha kinaporudi. Ndani yake huwa na bushi mbili (mirija mifupi inayozunguka pini) zinazokaliana, zenye nyuso zilizochongwa mshazari kuzunguka pini. Kioo kikizunguka, uso mmoja hupanda juu ya mwingine.

Kupanda kwa milimita 5 katika nyuzi 90 kunatosha kwa raba za kawaida. Kama nyuso hizo ziko milimita 8 kutoka katikati ya pini, njia ya robo mzunguko ni milimita 12.6, na mshazari wake unakuwa karibu nyuzi 22. Pembe hiyo ina maana kubwa. Kati ya plastiki ya asetali na chuma, msuguano hushinda mshazari usiozidi nyuzi 11 hadi 17 hivi. Mshazari mkali kuliko hapo huteleza wenyewe, na kioo hurudi mahali pake kwa uzito wake. Ukipunguza kupanda hadi milimita 2 kwa bushi hiyohiyo, mshazari unashuka hadi nyuzi 9, na kioo kitabaki popote mkono utakapokiacha. Chagua unachokitaka, lakini kichague kwa hesabu. Nguvu ya mkono isikutie wasiwasi, maana kuinua kilo 16.8 kwa milimita 5 katika robo mzunguko kunahitaji chini ya nyutoni 3 ukisukuma umbali wa milimita 400, kani ambayo mtoto mdogo anayo. Kumbuka tu kuacha nafasi ya milimita 7 au 8 juu ya pini ili kioo kipande bila kugonga kifuniko, na pini iwe ndefu kiasi cha kubaki ndani ya bushi kioo kinapofika juu kabisa.

Kushika kioo

Kioo kiwe cha usalama, kilichoimarishwa kwa joto, ambacho kikivunjika huwa chembe ndogo zisizokata vibaya. Kioo hicho hakikatwi wala hakitobolewi baada ya kuimarishwa. Ukijaribu, kitapasuka chote. Kila tundu la bawaba lazima liwe kwenye mchoro unaopelekwa kiwandani. Kiwango cha Ulaya EN 12150 kinatoa mipaka inayofaa kufuatwa popote: kipenyo cha tundu kisipungue unene wa kioo, ukingo wa tundu uwe umbali wa angalau mara mbili ya unene kutoka kwenye ukingo wa kioo, na mara sita ya unene kutoka kwenye pembe. Kwa kioo chetu, hizo ni milimita 6, 12 na 36.

Chuma kisiguse kioo mahali popote. Bolti inayopita kwenye tundu ivishwe bushi laini ya plastiki, na kati ya bamba la bawaba na kioo kuwe na gasketi, yaani kitambaa laini cha kutenganisha, ya unene wa milimita 1 hivi. Kinachoshika kioo ni msuguano wa mbano, si bolti kuegemea tundu. Kwa hiyo gasketi laini kupita kiasi ni kosa, kwa sababu hutanuka pembeni na mbano hulegea. Profaili ndefu isiyotumia matundu hugundishwa kwa silikoni au gundi maalumu, na hapo uso wa kioo usafishwe kwa spiriti hadi kitambaa kitoke cheupe.

Metali na plastiki za pwani

Anayefunga kiambaza Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam anashindana na hewa ya chumvi nje ya dirisha na, mara nyingi, maji ya kisima yenye chumvi ndani ya bomba. Chuma kisichoshika kutu cha daraja la 304, kinachofaa sana mbali na bahari, hapo hutoka madoa ya kahawia. Daraja la 316, lenye asilimia 2 hadi 3 ya molibdenamu, huvumilia zaidi, na kwa pini, ambayo haiwezi kubadilishwa bila kukishusha kioo, sioni sababu ya kubana gharama. Bawaba za zinki zilizopakwa kromu ziepukwe: kromu ikipata mkwaruzo mmoja, zinki iliyo chini huvimba na kuitoa yote. Alumini ya profaili iwe imetiwa utando wa kinga kiwandani, na pale inapogusana na skrubu za chuma kiwekwe kikatizo cha plastiki, maana metali mbili tofauti zikilowa maji ya chumvi pamoja, alumini ndiyo huliwa.

Kwa bushi, asetali ni bora kuliko nailoni. Nailoni hunywa maji na kuvimba, na bushi iliyozunguka vizuri karakanani hukaza baada ya wiki kadhaa za mvuke. Asetali hunywa maji kidogo sana, kwa hiyo nafasi ya milimita 0.1 hadi 0.2 kati yake na pini inatosha. Nafasi hiyo isizidi, kwa sababu kila ulegevu huonekana kwenye ukingo wa nje: bushi zilizochakaa kwa milimita 2, zikiwa umbali wa mita 1, hukishusha kioo chenye upana wa milimita 800 kwa milimita 1.6, zikiwa umbali wa milimita 400, hukishusha kwa milimita 4, na raba ya chini huanza kukwaruza ukingo. Bushi zisanifiwe zitolewe na kubadilishwa bila kuvunja silikoni.

Ukuta, kisha majaribio

Kuta za nyumba nyingi hazisimami timazi. Mhimili ukiinama milimita 5 katika kimo cha 1400, ukingo wa nje hupanda au kushuka karibu milimita 3 kadiri kioo kinavyozunguka, kiasi kinachoweza kufuta kazi yote ya ulimi wa raba. Kwa hiyo profaili ya ukutani iwe ya sehemu mbili zinazoingiliana, yenye nafasi ya kurekebisha ya milimita 15 hadi 20, ili sehemu moja ifuate ukuta na nyingine ifuate timazi. Skrubu za juu ndizo zinazobeba zile nyutoni 466, na kama ukuta ni wa tofali za saruji zenye uwazi, plagi ya kawaida (kile kidude cha plastiki kinachoshika skrubu ndani ya ukuta) inaweza kuangukia kwenye uwazi huo. Tumia plagi zinazotanuka nyuma ya ukuta, au jaza uwazi kwa zege kabla ya kuweka vigae. Silikoni ipigwe upande wa nje wa profaili tu. Ukiziba na upande wa ndani, maji yatakayopenya hayatapata njia ya kurudi hodhini, na yatatafuta njia ya kupitia ukutani.

Kabla ya kuagiza kioo, kata vipande viwili vya plaiwudi vyenye upana wa vioo vyako, bandika juu yake vijiti vyenye kimo cha vishikio, viunganishe kwa misumari iliyopigwa mahali hasa mihimili ilipochorwa, kisha uvikunje na kuvizungusha juu ya meza yenye ukuta na koki zilizochorwa kwa kipimo kamili. Makosa mengi ya mihimili hujitokeza hapo.

Sampuli ya kwanza ya bawaba ifungwe kwenye fremu na kuzungushwa ikibeba uzito kamili. Familia ya watu watano, kila mmoja akioga mara mbili kwa siku na kufungua kiambaza wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, hukifungua mara 20 kwa siku, yaani mara 7,300 kwa mwaka. Mota ndogo yenye mkono wa kusukuma inaweza kumaliza miaka mitatu ya matumizi hayo ndani ya wiki moja. Fanya jaribio hilo huku ukinyunyizia maji ya chumvi, na kila baada ya mizunguko elfu kadhaa pima mambo mawili: ukingo wa nje umeshuka milimita ngapi, na bolti za mbano zimelegea kiasi gani. Ukingo ukishuka zaidi ya milimita 1, rudi kwenye umbali kati ya bushi kabla ya kulaumu plastiki.